Laini Iliyonyamaza Wanale

Mtandao ukikatika nawaona mnavyofanya, wanangu. Mnazima kisanduku, mnakiwasha tena, mnangoja taa zirudi, na zisiporudi mnaanza kuitukana kampuni. Siwalaumu, hata sisi tulitukana sana. Lakini juzi mmoja wenu aliniuliza, hapa kibarazani kwangu Nalufenya mjini Jinja, zamani tulikuwa tunafanyaje wakati intaneti ilipopita kwenye waya wa simu ya nyumbani. Nilipoanza kumjibu niliona jibu ni refu kuliko chai tuliyokuwa nayo. Basi nimeamua kuliandika.

Jina langu Zaina. Nilikuwa fundi wa simu, kwanza Mbale halafu Jinja, mpaka shirika lilipopunguza watu na mimi nikapunguzwa. Mwanamke kupanda nguzo ya simu kilikuwa kioja. Nilivaa suruali chini ya gauni na mtandio nikaufunga nyuma, na wanaume waliokuwa wakipita walisimama wakajifanya wanaangalia kama mvua itanyesha. Wengine waliangalia mvua mpaka nikamaliza kazi.

Aliyenifundisha ni Mzee Wafula wa Mbale, mtu mfupi, mpole, ambaye hakupenda maneno mengi. Mafundi wengine wakifika kwenye nyumba walitoa bisibisi kabla hata ya kusalimia. Yeye alisalimia, akaketi, akainua mkono wa simu na kuuweka sikioni. Alisikiliza muda mrefu mpaka mwenye nyumba akaanza kuwa na wasiwasi. Laini iliyoingia maji kwenye kiungo inatoa sauti ya kukaanga. Laini inayoguswa na tawi inakwaruza kila upepo ukivuma. Iliyokatika inanyamaza, lakini Mzee Wafula alisema kuna kunyamaza kwa aina mbili: kwa waya uliokatika, na kwa mtu wa upande wa pili ambaye anakusikia ila hataki kusema. Nilidhani ananitania. Alikuwa na tabia ya kutania bila kucheka.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba ubovu wa simu mara nyingi hauko kwenye simu, uko kwa wenye nyumba. Kwenye mji mdogo wa Buwenge kulikuwa na duka moja ambalo simu yake ilikufa kila siku ya soko na kufufuka kesho yake. Tulibadilisha kila kitu mle ndani. Mwisho Mzee Wafula alisema twende siku ya soko yenyewe, tusiguse chochote, tukae tu. Tukakaa. Haikupita saa akaja muuza mitumba, akatundika makoti yake yote kwenye waya wetu unaotoka kwenye nguzo kuingia dukani. Waya ukalemewa, ukagusa bati. Makoti yalikuwa mazuri sana, nakumbuka nilinunua moja.

Nilipotolewa kazini nilipanga chumba Nalufenya nikaanza kutengeneza redio, simu, na baadaye kompyuta. Kompyuta zilizotufikia sisi zilikuwa zimechoka, zimetumika kwenye ofisi za watu mpaka zikazeeka, na programu mpya zilizilemea. Mwalimu mmoja Mkenya aliyekuwa akifundisha fizikia mjini alinipa diski ya Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta. Akaniambia hii ni ya bure, nakili upendavyo, hakuna atakayekukamata. Sikuamini. Nilikaa nayo kwenye droo kama kitu cha wizi, ndipo siku moja nikaijaribu.

Msifikirie ile Linux ilikuwa kama hii mnayoiona leo. Ilikuwa kioo cheusi na herufi nyeupe. Ukitaka kuingia intaneti unaiambia mwenyewe kila kitu: modemu, kile kisanduku cha kuunganisha kompyuta na simu, imechomekwa kwenye tundu gani nyuma; ipige namba gani Kampala; ikishapokelewa iseme jina gani na neno gani la siri. Herufi moja ikikosewa hupati kitu, na haikuambii umekosea wapi. Nilikonda kwa sababu ya Linux. Lakini ikikubali mara moja imekubali, na mimi napenda kitu chenye msimamo.

Sasa nimlete Afande Odongo. Alikuwa mstaafu wa magereza, mtu wa kaskazini, mrefu, aliyejenga nyumba yake Wanale, chini ya mlima kule Mbale. Kazi yake yote ilikuwa kwenye redio ya mawasiliano ya magereza, miaka na miaka vifaa vya kusikilizia vikiwa masikioni. Pengine ndivyo vilivyomla masikio, pengine ni uzee tu. Nilipomjua, sikio la kushoto lilikuwa limekwisha kabisa, na la kulia lilisikia ukimsogelea karibu na kusema polepole kwa sauti nzito. Alizungumza Kiswahili cha askari, ambacho "nasema" inaweza kuwa mimi, wewe au yeye, kama wenzake wote, na watu wa mtaani walipomsikia walinyooka kidogo hata kama hawakumjua. Kumbe alikuwa mtu wa kucheka.

Binti yake Atim alikuwa muuguzi Uswidi. Alipiga simu nyumbani siku za Jumapili, lakini baba hakuweza tena kumsikia vizuri, kwa hiyo aliyezungumza ni mama yake. Mazungumzo yakiisha Afande anauliza, "Nasema nini?" Na Mama Atim anamjibu, "Anakusalimia." Robo saa nzima ya maneno, na kwake inafika salamu moja. Afande alinieleza hivyo yeye mwenyewe siku alipokuja Nalufenya kununua kompyuta. Alikuwa amesikia kwamba kuna barua zinazosafiri kwa waya na mtu anazisoma kwa macho.

"Mimi nataka maneno ya mtoto yangu," aliniambia. "Yote. Hata ya upuuzi."

Nikamtengenezea. Niliweka Linux, nikaweka modemu, nikampatia imeli, nikamfundisha amri chache ambazo aliziandika kwa herufi kubwa. Alielewa haraka kuliko wateja wangu wote kwa sababu aliilinganisha na redio yake. "Unasema, unasema 'ova', unangoja," alisema. "Ova ni kusema mimi nimaliza, sasa wewe. Ukisema 'aut' umefunga, hapana tena maneno." Nikamwambia ndivyo hasa, unaandika, unatuma, unangoja.

Tulipojaribu, modemu ikaanza ule wimbo wake. Wanangu hamkuusikia. Inapiga kelele, inakoroma, inalia kwa sauti nyembamba inayopenya, ndivyo mashine mbili zinavyoamkiana. Majirani waliokuwa mlangoni wakacheka. Afande akageuka.

"Nacheka nini?"

Nikamsogelea sikio la kulia. "Wanacheka mashine, Afande. Inaimba."

Alitazama kile kisanduku, akawatazama wale watu. Nikaona uso wake umebadilika. Kila mtu mle chumbani alikuwa anasikia kitu chake isipokuwa yeye. "Nyamazisha," akasema. Kuna amri ya kuizima sauti, na mteja ndiye mwenye mashine, kwa hiyo niliiweka. Kuanzia hapo ikawa inaunganisha kimyakimya, ukiona taa tu. Alimwandikia Atim hapohapo kumpa anwani yake mpya, akabeba mali yake akaenda Mbale akiwa na furaha.

Baada ya muda dereva mmoja wa Mbale akaniletea salamu: Afande anasema mashine imegoma. Niliona ajabu kidogo kwamba mtu mwenye simu nyumbani anatuma dereva badala ya kunipigia, lakini sikulifikiria zaidi. Nikafunga chumba nikaenda.

Nilimkuta ameketi mbele ya kompyuta, amevaa shati lililopigwa pasi. Mama Atim, mama mnene mwenye sauti ya chini, alinipokea vizuri mno, akaleta karanga, akaleta ndizi, akakaa akinichungulia. Afande alinionyesha. Anaandika amri, taa za modemu zinawaka, baada ya muda zinazimika, na kioo kinaandika kwamba hakuna ishara kutoka upande wa pili. Amejaribu asubuhi, amejaribu mchana. Kila mtu aliyepita pale alikuwa amemwambia kosa ni hiyo Linux, hata padri.

"Fundi, mimi nimechoka," akasema. "Leo ikikataa, beba yako. Mimi hapana askari wa kulinda sanduku tupu."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

Nikaanza karibu kwenda mbali, kama inavyotakiwa. Waya zilichomekwa sawa. Tundu la nyuma lilikuwa lilelile la Nalufenya. Namba ya Kampala sawa, neno la siri sawa. Niliinua mkono wa simu nikasikiliza: mlio wa kupiga upo, safi, hakuna kukaanga wala kukwaruza. Nikarudi kwenye Linux. Nilibadilisha hiki, nikarudisha, nikabadilisha kile, nikaongeza muda wa kungoja. Karanga zikaisha. Nilianza na mimi kuamini kwamba Linux ndiyo mbaya, maana ndiyo iliyokuwa ngeni pale, na mgeni ndiye wa kwanza kushukiwa kitu kikipotea.

Ndipo nikamkumbuka Mzee Wafula na kuketi kwake. Nilikuwa nimesikiliza simu, lakini sikuwa nimesikiliza kile ambacho modemu yenyewe ilikuwa inasikia, kwa sababu tuliizima sauti. Nikairudisha sauti, nikaifungulia mpaka mwisho, nikaiambia ipige.

Ikapiga namba. Halafu badala ya wimbo ikatoka tu-tu-tu-tu, fupi, za haraka. Mtu mwingine angesema laini ya Kampala inatumika. Lakini mimi nilifanya kazi kwenye mitambo ileile ya Mbale, nikajua kwamba ile ya kutumika huenda polepole zaidi. Huu ulikuwa mlio anaopewa mteja aliyefungiwa simu za mbali. Mjini anapiga, anapigiwa kutoka popote, lakini mwenyewe hawezi kupiga nje ya Mbale. Kampala ni nje ya Mbale, na Jinja pia. Nikaelewa kwa nini walimtuma dereva.

Nikageuka kumwangalia Mama Atim. Alikuwa amesimama na sinia tupu mkononi.

"Mama Atim," nikasema, "simu za mbali zilifungwa lini?"

Alimtazama mume wake, aliyekuwa anatazama taa, asiyesikia kitu. Akasema kwa sauti ileile ya chini, "Mimi nilienda kwa watu wa simu, niliomba wafunge. Zaina, wewe hapana jua. Mzee alikuwa nampigia Atim yeye mwenyewe. Nauliza, Atim, wewe iko mzima? Mtoto najibu, yeye hapana sikia, nauliza tena, naita kwa nguvu. Atim alikuwa nalia kule. Aliniambia, Mama, baba asipige, mimi nashindwa kazi siku nzima. Basi nilifunga. Na hii mashine nilidhani ina njia yake."

Nilimwonea huruma sana. Tena nilikuwa na njia rahisi ya kumwokoa, nikamwambia. Twende kwa watu wa simu, wafungue laini, nirudi hapa nibonyezebonyeze, halafu niseme ilikuwa Linux. Kila mtu tayari anasema ni Linux, haina mtu wa kuitetea, na nyumba inabaki na amani. Nilisema hivyo na nilimaanisha. Mama Atim akaanza kutikisa kichwa kukubali.

Afande alikuwa amegeuka. "Nyinyi nasema nini? Mimi naona midomo."

Mama Atim akaacha kutikisa kichwa. Afande akacheka kidogo, akajigonga sikio la kulia kwa kidole.

"Semeni tu. Mimi najua iko kitu mbaya, mimi nimezoea. Zamani hii sikio ilikuwa napata sauti ya Atim kidogo, mbali, lakini napata. Neno moja, neno mbili. Halafu siku moja napiga simu, hapana sauti. Iko kama ngoma tu ndani ya kichwa, tu-tu-tu. Nilipiga kesho, tu-tu-tu. Nikajua sikio imekufa. Simu hapana shika tena. Sikumwambia huyu mama." Akaonyesha kompyuta kwa mkono. "Ndiyo maana nilinunua hii."

Nimekaa na wateja wengi, wanangu, lakini sijawahi kuona mtu akiweka sinia chini polepole vile. Mama Atim hakujua. Miezi yote alidhani mume wake amekata tamaa ya kupiga, na moyoni alishukuru. Hakujua kwamba mlio wa laini aliyoifunga yeye ndio mume wake aliudhania kuwa kifo cha sikio lake. Alivuta kigoda akakaa upande wa kulia, akasogeza mdomo wake karibu, akamwambia yote kwa lugha yao ambayo mimi siijui. Niliitazama modemu. Sikuwa na pengine pa kutazama.

Afande alisimama akatoka nje. Tulimwona dirishani akitembea katikati ya migomba yake, mikono nyuma kama askari wa zamu. Mama Atim alikuwa analia bila sauti. Nilitaka kuondoka, lakini kupita mlangoni ningekutana naye, kwa hiyo nilibaki.

Aliporudi alisimama mlangoni.

"Kumbe haikuwa sikio," akasema.

Akamtazama mke wake muda mrefu.

"Wewe ulifunga. Wewe utakwenda kufungua. Na huyu fundi aende na wewe, maana watu wa simu hapana jua kusikia." Halafu akacheka, na Mama Atim akajipangusa uso kwa kanga, akaingia chumbani kubadili viatu.

Wale wa mitambo walinikumbuka, kwa hiyo hatukungojeshwa. Tuliporudi, nilitaka kuizima tena ile sauti kama alivyoniamuru Nalufenya, Afande akanishika mkono. Akataka iachwe wazi. Modemu ikapiga, ikapokelewa, ikaanza kelele zake, na yeye akaweka kiganja juu ya kile kisanduku, akainamisha sikio la kulia. Sijui alisikia nini. Nilimwona tu akitikisa kichwa kufuata, na sikumwuliza.

Barua za Atim zilikuwa zimerundikana. Alizisoma kwa sauti, sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe, mpaka watu wa barabarani wakapunguza mwendo. Atim alieleza theluji inavyoingia kwenye viatu. Alieleza mzee mmoja hospitalini anayekataa uji mpaka aimbiwe, na yeye anamwimbia nyimbo za kwao. Alieleza kwamba alikula samaki mbichi akajuta. Mama Atim alicheka kwa mshangao, kwa sababu hata yeye kwenye simu hakuwahi kuambiwa mambo hayo. Alikuwa akiulizwa hali ya nyumbani na kujibu, basi.

Kisha Afande akajibu, kwa kidole kimoja, herufi kubwa tupu. Sikumbuki alichoandika isipokuwa mwisho wake. Mstari wa mwisho aliweka OVA, akakaa akitazama kioo. Nikamwambia, Afande, Uswidi watu wako kazini, jibu halitakuja sasa. Akasema anajua. Akaendelea kukaa.

Mtaniuliza funzo la kiufundi, nalo lipo. Msiizime sauti ya mashine kwa sababu inawachosha, leo sauti hizo mnaziita kumbukumbu za makosa na hamzisomi. Jaribu kifaa mahali kitakapotumika, si mahali ulipokitengenezea, maana Nalufenya kila kitu kilikuwa sawa. Kitu kipya kikiwa pale usikimbilie kukisingizia. Na muulize mama mwenye nyumba mapema, kabla hujamaliza karanga zake.

Baada ya hapo Afande alinizoea, akawa ananiandikia na mimi. Alilalamikia kahawa, alilalamikia serikali, aliniuliza amri alizozisahau. Jumapili alichukua tena mkono wa simu kwa dakika moja, akapata neno moja au mawili, mpaka sikio likafa kweli. Hapo hakulihitaji sana tena. Kila barua aliimaliza kwa OVA. Katika miaka yote hiyo sikuona hata mara moja ameandika AUT. Siku moja nilimwuliza kwa utani, akanijibu kwamba aut ni ya kazini.

Barua ya mwisho kutoka kwenye anwani ile haikuwa na herufi kubwa. Ilikuwa na makosa mengi, ya mtu ambaye anatafuta kila herufi kwa macho, na nilijua kabla sijafikia jina la mwandishi. Mama Atim aliniandikia kwamba mzee amepumzika usingizini, kwamba Atim yuko njiani anakuja, kwamba nami nije. Halafu akaruka mstari, akaandika neno moja: ova.

Nikafunga chumba nikaenda.